Sabuni Isiyo na Ng'ombe

Generoza Mayige aliuza kitu kimoja tu pale sokoni Bariadi: sabuni ya mafuta ya pamba. Ilikuwa na rangi ya uji wa mtama, harufu yake haikumvutia mtu, na povu lake lilitoka kwa kubembelezwa. Wauzaji wenzake walipanga makopo ya losheni na tyubu za kila rangi, maana ilikuwa ile miaka ambayo biashara imefunguliwa, na kila lori lililotoka Mwanza lilishusha mafuta ya kujipaka ambayo mwezi uliopita hakuna aliyeyajua. Yeye alitandika gunia lake chini, akapanga miche yake ya sabuni, akajifunika khanga kichwani hadi kwenye mashavu. Mtu akimuuliza sabuni yake ina nini ambacho nyingine hazina, alijibu kwa sauti ya chini, "Haina ng'ombe."

Wapo waliocheka wakapita. Lakini wapo waliochuchumaa wakanunua, na kila mmoja alikuwa na lake. Winnie, mke wa mwalimu, alikuwa Msabato. Alikuwa amesikia kanisani kwao kwamba sabuni za dukani huchemshwa na mafuta ya nguruwe, na hakutaka kuoga uchafu huo halafu aende kusali. Mwanamke mmoja wa Binza kule Maswa, aliyekuja Bariadi kumwangalia dada yake, alisema sabuni ya mafuta ya mnyama inamletea mtoto wake nzi. Wengine walivutwa na bei, wala hawakuficha. Na alikuwepo Mama Precious, mwenye kibanda cha chai karibu na stendi, ambaye uso wake ulikuwa umeunguzwa na mkorogo wa kujichubua. Huyo alinunua bila kusema kitu, akarudi tena na tena.

Generoza aliwasikiliza wote. Sababu yake mwenyewe hakumweleza mtu.

Ilianzia Nkoma, kwa baba yake. Mzee Mayige alilima pamba, alifuga ng'ombe wa kiasi chake, na alikuwa na watoto wawili: Masele, wa kiume, na Generoza, msichana mweusi wa kung'aa, mwenye sauti nzuri ya kwaya. Mwaka ambao wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mizani yao, mzee aliuza pamba vizuri kuliko alivyowahi kuuza, nyumba ikapata bati, na jina lake likaanza kutajwa mbali. Ndipo posa ilipokuja kutoka Bukundi, kwa watu wenye ng'ombe wengi. Mwanaume aliitwa Luhende.

Mshenga alizungumza waziwazi, kama ilivyo desturi. Binti akiwa mweupe, ng'ombe wanakuwa wengi. Akiwa mweusi, wanapungua. Hakuna aliyekasirika, maana kila mtu alilijua hilo tangu utoto. Lilisemwa kama mtu anavyosema mvua zimechelewa. Mzee Mayige aliomba muda kidogo, na mshenga akakubali.

Muda huo Generoza aliumalizia Bariadi, kwa shangazi yake Shija. Shangazi Shija alikuwa mwanamke wa mjini, anayependa watu na kupenda mambo mapya, na kwa moyo wake wote aliamini kwamba anamsaidia mtoto wa kaka yake. Alimnunulia tyubu ya krimu ya kung'arisha ngozi. Asubuhi na jioni alimpaka mwenyewe, usoni, shingoni na mikononi, akamkataza kutoka juani. Siku za mwanzo ngozi iliwasha, kisha ikachoma, kisha ikaanza kutoka kama ganda la kitunguu. Generoza alilalamika mara moja. Shangazi akamwambia uzuri una maumivu yake na baba yake anategemea jambo hili. Hakulalamika tena. Na baada ya majuma kadhaa, alipojitazama kwenye kioo cha shangazi, aliona uso wa rangi ya papai lililoiva. Hatukatai, aliupenda. Alisimama pale kioo kikiwa mkononi mpaka shangazi akamcheka.

Aliporudi Nkoma, mama yake, Milembe, alimtazama kwa kitambo kirefu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akachukua ndoo akaenda kisimani. Baba yake alifurahi. Ng'ombe walikuja, wakajaa uani, mzee akawa anazunguka katikati yao akiwagusa migongo na kutaja rangi zao. Wengine hawakukaa sana. Mwaka uleule walitoka kwenda kumwolea Masele mke, kama ilivyotakiwa.

Bukundi, alikoolewa, ni kukavu, na kazi ya huko ni ya juani. Tyubu mbili alizopewa na shangazi ziliisha. Luhende hakuwa mtu mbaya; alipokwenda mnadani alimnunulia nyingine, na alizinunua kwa furaha, maana alipenda kusikia wenzake wakimsifia mke. Lakini ukame ulipokuja, akaanza kuuza mifugo ili nyumba ipate mahindi, akamwambia Generoza kwamba tyubu hailiwi. Ilikuwa kweli. Generoza akaacha kupaka.

Weusi wake haukurudi jinsi ulivyokuwa. Ulirudi vipande vipande: mabaka meusi kama masizi kwenye mashavu, wekundu kwenye paji la uso, na mishipa ya kijani chini ya macho. Jua likimgusa kidogo tu, alihisi kama amemwagiwa maji ya moto. Siku moja walikuja wageni, na mama mkwe, akiwa anawakaribisha, akamwonyesha kwa kidevu.

"Sisi tulioa mweupe," alisema. "Huyu sijui ametoka wapi."

Wageni wakacheka. Luhende naye alitabasamu, akiangalia chini. Generoza alikuwa amebeba beseni la maji ya kunawa. Aliwanawisha wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Alikuwa na mimba wakati huo. Uchungu ulipofika ulikataa kuendelea, wakampakia kwenye trekta la jirani hadi hospitali, wakampasua. Mtoto alitoka akiwa hana pumzi. Alikuwa wa kike. Walimfunga kwenye kitenge wakamwonyesha mama yake kwa muda mfupi, naye akaona kwamba mtoto alikuwa mweusi, mweusi safi, kama yeye alivyokuwa zamani.

Halafu kidonda hakikufunga. Kila walipokishona kilichanika. Muuguzi mmoja, aliyekuwa akimsafisha kila siku, alimuuliza alikuwa anapaka nini mwilini, naye akaeleza. Muuguzi hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba ngozi yake imekuwa kama karatasi iliyolowa, haiwezi kushika uzi, na kwamba akipona asipake tena kitu ambacho hajui kimetengenezwa na nini. Generoza alilala wodini hadi akajua nyufa zote za ule ukuta. Mwanzoni Luhende alikuja na chakula. Baadaye akawa anatuma mtu. Baadaye hata mtu hakuja.

Huku nyuma, wazee wa Bukundi walikuwa wamekwenda Nkoma kudai ng'ombe wao. Walisema walidanganywa rangi, na sasa mwanamke hata kuzaa hawezi. Ng'ombe waliokwenda kwa wakwe wa Masele hawakuweza kurudishwa bila kuvunja ndoa ya kijana, kwa hiyo mzee Mayige alitoa waliobaki, na pengo akaliziba kwa wale wake mwenyewe, wakiwemo wa maziwa. Generoza alipotoka hospitali na kufika nyumbani, alikuta zizi tupu na baba yake amekaa kando yake, akisokota kamba.

"Mwadila, baba," alisalimia.

"Mwadila," mzee aliitikia, na macho yake hayakuondoka kwenye kamba. Hakumuuliza habari za mtoto, wala za kidonda. Tangu siku hiyo aliitikia salamu zake zote, lakini jina lake hakulitaja tena hadi alipokufa.

Mama yake alisubiri mpaka mzee ametoka. Alileta kibuyu kidogo cha samli aliyokuwa ameiweka, akaipasha kwenye majivu ya moto, akakaa karibu na binti yake na kumwomba afunue uso. Hivyo ndivyo alivyompaka alipokuwa mchanga, na hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyopakwa na mama yake.

"Ni ya ng'ombe gani, mayu?" Generoza aliuliza.

"Yule mwekundu. Nilimkamua kabla hawajamchukua."

Generoza aliushika mkono wa mama yake kabla haujamfikia.

"Usinipake. Nilipimwa kwa ng'ombe, nikarudishwa kwa ng'ombe. Sitaki kitu chochote cha ng'ombe kiguse tena mwili wangu."

"Ng'ombe hakukosa kitu, ng'wana wane."

"Najua."

Milembe alikaa na samli kwenye vidole. Kisha, kwa kuwa haikuwa kitu cha kumwaga, aliifuta kwenye mikono yake mwenyewe iliyokuwa imepauka, akafunika kibuyu, akatoka. Alikuwa analia, na Generoza alimsikia, asiweze kumfuata.

Ndipo akaja Bariadi. Kwa shangazi Shija hakukanyaga. Alipata chumba kwenye nyumba ya udongo, akawa anawachotea watu maji. Kujipaka hakujipaka kitu, na kwa sabuni alihangaika. Alizunguka maduka akiuliza hii imetengenezwa na nini, na hii je. Wauzaji walimwona kama mtu asiye timamu. Mmoja, kwa huruma, aligeuza mche wa sabuni akatazama maandishi ya kigeni, akamwambia kwamba yeye anaiuza tu, hakuipika. Mwingine alimwambia sabuni zote za mche zina mafuta ya ng'ombe, ndiyo maana zinakuwa ngumu, na kama hataki aoge kwa majivu. Kwa muda aliogea majivu.

Selestini alimpata kwa kuuliza uliza hivyohivyo. Huyu alikuwa mzee Mkatoliki, aliyefiwa na mke, mwenye mashine ndogo ya kukamua mafuta nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Alinunua mbegu zilizobaki kiwandani, akakamua, mashudu akawauzia wafugaji, na mafuta yaliyokuwa machafu kwa kupikia akayachemsha kwenye pipa kutengeneza sabuni. Generoza alisimama kutwa nzima akitazama. Aliona mafuta yakiingia, maji yakiingia, magadi makali yakiingia, basi. Jioni alinunua kipande, akaenda kuoga, na ngozi haikuchoma. Baada ya wiki chache alikuwa anamuuzia mzee sabuni sokoni.

Miaka iliyofuata haikuwa ya furaha, lakini ilitulia. Mabaka hayakuondoka, moto ndio uliopoa. Alipata watu wa kusalimiana nao. Mama yake alipougua na kufa, alikwenda kuzika, akarudi. Kila asubuhi alikaa kwenye gunia lake, na alipoulizwa, alijibu neno lile moja ambalo lilikuwa kweli. Ukimtazama ungeona ni jambo dogo. Kwake ndilo lililokuwa limebaki. Watu wengine ndio waliompaka tyubu, wengine ndio waliomhesabia ng'ombe, wengine walimchana na kumshona. Hili la sabuni alikuwa amelichagua yeye.

Kisha kiwanda kikauzwa. Mmiliki mpya hakuwa na haja na mzee mwenye mashine ndogo; mbegu zote alizipakia kwenye malori zikaenda kwa wakamuaji wakubwa mbali huko. Wanunuzi wengine walibeba pamba moja kwa moja kutoka vijijini, hata Bariadi isiione. Selestini alilalamika msimu mzima. Generoza alijua mwisho umefika, akaanza kuwaambia wateja wake wajiandae.

Lakini sabuni haikukatika. Mzee alimwambia amepata njia, na yeye hakudadisi, alishukuru. Tena sabuni ikawa bora kuliko mwanzo. Ikawa ngumu, nyeupe, na povu likawa halihitaji kubembelezwa. Wateja waliongezeka. Winnie alimletea wanawake wengine wa kanisani kwao. Generoza, ambaye hakuwa na maneno mengi, alianza kuisifia kwa sauti, na siku nyingine alisahau hata kujifunika khanga vizuri.

Siku moja sabuni ilimwishia mapema, akaenda kwa mzee bila kuagizwa. Alikuta mtu anashusha ndoo kutoka kwenye baiskeli, imefunikwa gunia. Alimfahamu, alikuwa mfanyakazi wa machinjioni. Harufu ilimfikia kabla ndoo haijafunuliwa. Kwenye pipa, mafuta meupe yalikuwa yanayeyuka taratibu, na vipande vya nyama vilivyobaki humo vilikuwa vinaelea.

Selestini hakushtuka wala hakuficha. Alimpa yule mtu ujira wake, akasubiri aondoke.

"Tangu lini?" Generoza aliuliza.

"Tangu mbegu zilipokwisha."

"Ulinisikia ninavyowaambia watu."

"Nilikusikia," alisema mzee. "Uliuza vizuri kwa sababu uliamini. Ningekuambia, ungeuzaje? Mimi ningekula nini, na wewe ungekula nini?" Alikoroga pipa kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa, kama baba anayemtuliza mtoto, "Wewe mwenyewe umeogea hiihii muda wote huu. Kimekupata nini?"

Generoza alitazama mikono yake. Haikuwa na kitu. Ilikuwa laini, pengine laini kuliko siku zote tangu atoke Nkoma. Angefurahi kama angekuta malengelenge. Angefurahi kama mwili wake ungekuwa umekataa, umevimba, umejua. Mwili wake haukujua. Ng'ombe walikuwa wameupata tena, asubuhi na jioni, na ulikuwa umewapokea kwa raha.

Hakubishana na mzee. Alitoka pale akaenda kwa wateja wake, nyumba moja baada ya nyingine, kuwaambia. Hakujua la kufanya zaidi ya hilo.

Wengi walimshangaa. Sabuni ni sabuni, walisema, mradi bei haijapanda. Mmoja alimwambia bila shaka amegombana na mzee na sasa anamharibia. Yule anayeogopa nzi alikuwa amesharudi Binza zamani. Kwa Winnie alikaribishwa kiti, akapewa maji, akasikilizwa hadi mwisho.

"Na nguruwe je?" Winnie aliuliza.

"Sijui. Niliona ndoo tu. Yametoka machinjioni."

Winnie aliingia ndani, akatoka na vipande vilivyobaki, amevishika kwa gazeti. Aliviweka chini, karibu na miguu ya Generoza. "Nilikuwa napaka mikono hii, halafu naiinua kusali," alisema. Hakusema kwa hasira. Kisha akachukua ufagio akaanza kufagia ua uliokuwa umeshafagiliwa, na Generoza akaelewa kwamba aondoke.

Mwisho alikwenda kwa Mama Precious. Alimkuta anaosha vikombe, wala hakuacha kuosha alipokuwa anaelezwa. Alipomaliza cha mwisho alikifunika juu ya meza, akajifuta mikono.

"Mimi sikuinunua kwa sababu ya ng'ombe," alisema. "Wewe ulikuwa na uso kama wangu, na uliweza kukaa sokoni mchana, watu wanakuona. Nikasema, labda ni sabuni. Niletee hiyohiyo."

Generoza alimwambia hawezi.

"Basi nitaifuata mwenyewe kwa mzee."

Na kesho yake aliifuata. Generoza alimwona akipita nayo, ameifunga kwenye kona ya khanga, na walisalimiana.

Nafasi yake sokoni ilichukuliwa wiki hiyohiyo na kijana wa tyubu. Selestini alimtumia ujumbe mara mbili arudi, akisema watu wanamuulizia, naye hakurudi. Alijaribu kununua mafuta ya ufuta kwa kikombe, yakawa ghali. Maji nayo yalikuwa yamevutwa kwa mabomba hadi mitaani, hivyo hakuna aliyehitaji tena mtu wa kumchotea. Kazi iliyopatikana ilikuwa kufua nguo kwenye nyumba za watumishi wa serikali, na mfuaji hutumia sabuni anayopewa. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alimwekea mche mrefu mweupe kwenye beseni, akamuuliza kama utatosha. Generoza aliinama, akaulowesha, akaanza kuusugua kwenye kola ya shati. Povu lilipanda hadi kwenye viwiko. Hakuuliza ina nini.